Uzi maalumu: fundi umeme aliyepima kwanza ndipo akafungua gari. Tupeane uzoefu

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Kila siku tunalia kuhusu mafundi waliotupiga. Leo naomba tuwazungumzie wale wengine, hasa kwenye umeme wa gari, maana huko ndiko tunakoliwa sana. Naanza na yangu.

Nina Premio ya 2003. Nikiitumia kila siku haina shida. Ikilala siku tatu nne, asubuhi napiga stata nasikia tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Majirani wamenisukuma mpaka wakawa wakiniona nimeshika ufunguo wanaingia ndani.

Gereji ya kwanza (siitaji) wakasema betri. Nikanunua mpya. Baada ya wiki mbili hali ileile. Wakasema altaneta, nikafungiwa iliyotumika kutoka Ilala, na ile yangu sikurudishiwa. Mara ya tatu wakaniambia kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, imeungua, niandae laki nne na nusu. Kote huko sikumwona mtu hata mmoja ameshika mita. Walikuwa wanasikiliza tu mlio wa stata, halafu wananitajia kifaa.

Shemeji yangu akanipeleka kwa mzee mmoja Tabata. Gereji yenyewe ni mabati manne na mwembe. Nikaanza kumweleza habari za kontroboksi, akanikata: "Kwanza niambie, ikisimama siku ngapi ndiyo inagoma?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Akapima betri gari ikiwa imezimwa: volti 12.3. Akawasha, akapima tena: 14.1. Akasema, "Altaneta inachaji. Na ile waliyotoa huenda nayo ilikuwa inachaji." Nilitamani kukaa chini.

Akazima, akatoa waya wa hasi, akaiweka mita katikati ya waya na betri ili asome umeme unaotoka gari ikiwa imelala. Mlango wa dereva aliuacha wazi, ila akausukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi ili gari idhani umefungwa. Akaagiza chai. Alisema gari za siku hizi hazilali papo hapo, ukisoma mita haraka inakudanganya. Baada ya nusu saa ilikuwa ampea 0.44. "Inatakiwa isizidi 0.05," akasema.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja macho yakiwa kwenye mita. Alipofika ile ya taa za ndani, ikashuka hadi 0.02. Lakini taa za ndani zote zilikuwa zimezima! Akarudisha fyuzi, akaniomba simu yangu, akawasha video, akaiweka ndani ya buti na kufunga. Tukahesabu mpaka kumi. Tulipoitazama ile video, buti limefungwa na taa inawaka kweupe. Nilikuwa naiona stepu yangu vizuri kabisa.

Bajaji ilinigonga nyuma miezi michache kabla. Buti likanyooshwa, lakini swichi iliyo kwenye kitasa ikawa haibonyezwi tena. Kiglobu cha wati 5, usiku na mchana. Mzee akanipigia hesabu kwenye boksi la fyuzi: 0.42 mara saa 24 ni kama ampea-saa kumi kwa siku, na betri yangu ina 40 hivi. Akachomoa globu, akanipa mkononi. 15,000.

Karibuni.

Mama Noah

Mimi niko Mwanza, Noah ya zamani yenye injini ya 3S. Yangu ilikuwa asubuhi stata nzito, na nikipiga honi usiku taa zinapungua. Kitu kilichonitisha zaidi ni kanyagio la mafuta kuwa gumu. Nilishaambiwa ninunue stata.

Kuna kijana Kirumba, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, akaweka ncha moja ya mita kwenye mwili wa injini na nyingine kwenye hasi ya betri, akaniambia, "Mama, piga stata." Mita ikasoma volti 1.8. Akanionyesha: ikizidi nusu volti, ujue ethi, ile njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, imekufa. Waya wa ethi kutoka injini kwenda bodi ulikuwa umeoza ndani ya plastiki yake, ukiuona kwa nje mzima. Umeme wa stata ulikuwa unatafuta njia nyingine, ukapita kwenye kebo ya mafuta na kuichoma. Akaniwekea waya mnene mpya, akakwangua kutu kwa msasa. Stata sikununua, ipo mpaka leo.

Mkazi wa Barabarani

Hadithi tamu. Mimi fundi mwaminifu namjua mmoja tu, na alishafariki.

Dereva wa Mwambao

Salaam kutoka Mombasa. Yangu ni Probox, gari ya kazi. Fyuzi ya taa za nyuma, ile ya ampea kumi, ilikuwa inakatika kila jioni. Makanika mmoja akatia ya thelathini, akanambia, "Hiyo haitakatika tena." Kweli haikukatika. Ikaanza kunuka plastiki.

Nikampelekea fundi wa stima Changamwe. Alipoiona ile thelathini alinitazama kama mimi ndiye niliyeitia. Akaitoa, na pahali pake akaunganisha globu ya taa kubwa. Ikawaka vikali, akasema huo ni waya unaogusa bodi mahali fulani, na globu inazuia usiungue. Kisha akazunguka gari akitikisa nyaya polepole. Alipofungua na kufunga mlango wa nyuma globu ikazima, ikawaka, ikazima. Ndani ya ile mpira ya bawaba nyaya mbili zilikuwa zimechubuka mpaka shaba kwa kufunguliwa miaka yote. Aliziunga kwa risasi, si kwa kuzisokota na kubandika tepu, akarudisha fyuzi ya kumi.

Fundi Waya

Nasoma kimya tangu mwanzo, naomba niseme na mimi, ndiyo kazi yangu. Mteja anakaa saa mbili natafuta waya, nikiupata anasema, "Kumbe kidogo hivyo?" ananipa elfu tano ya soda. Nikimfungia altaneta kwa dakika ishirini ananipa hela nzuri na asante juu. Sasa mnataka mafundi wajifunze kupima au kuuza vifaa?

Halafu hii ya "nimepima kwenye mashine". Mashine inakupa kodi, yaani namba ya hitilafu, haikupi jibu. Ikisoma P0562 maana yake volti ziko chini, basi. Inaweza kuwa altaneta, mkanda unaoteleza, kichwa cha betri kilicholegea, au ethi kama ya huyo mama wa Mwanza. Mimi nimeshaona watu wamenunua altaneta mbili kwa kodi hiyo, na tatizo lilikuwa ungaunga wa kijani kwenye kichwa cha betri, wa kumwagia maji ya moto ukatoka.

Na fundi anayetoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "aone kama altaneta ni nzima", mwambieni aache. Volti zinaruka juu ghafla, na hapo ndipo hizo kontroboksi zinapoungua kweli.

Mkazi wa Barabarani

Fundi Waya, sawa, hilo la elfu tano limenigusa. Unapatikana wapi?

Fundi Waya

Njoo inboksi. Na uje na gari ikiwa na tatizo, usiitengeneze kwanza kwingine.

Mleta uzi

@Fundi Waya umenikumbusha kitu. Yule mzee wa Tabata sikumwongezea hata mia. Jumamosi nilipita, nikamwachia 20,000 na kumweleza ni ya nini. Akaniuliza kama nimeshanunua swichi ya buti. Bado. Globu ninayo kwenye droo ya dashibodi, na usiku nikitafuta kitu butini natumia tochi ya simu.