Tupeane uzoefu: picha ya nyumbani uliyoikosa (au uliyoipata), na lenzi iliyokuwa mkononi

Mgomba Mkavu:
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepigiwa simu kutoka nyumbani Kilema, Kilimanjaro. Nyumba ya bibi inashushwa bati mwezi wa pili, ukuta umepasuka upande wa jikoni na kaka mkubwa kashamwaga tofali uwanjani. Bibi mwenyewe yupo, tisini na ushee, na kigoda chake ni kilekile pembeni ya mafiga tangu nina akili zangu. Nikabaki nimekaa kitandani. Kamera ninayo mwaka wa tatu huu. Nimepiga machweo ya Coco Beach mpaka jua lenyewe limenichoka, harusi za washkaji, magari ya watu. Bibi sina picha yake ya maana hata moja.

Desemba tunapanda wote kama kawaida. Nina kamera ya Nikon D3300 na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nimejibana, hela ya lenzi moja ya mtumba ipo. 35 au 50 (milimita; namba ikipanda, lenzi inavuta karibu zaidi)? Jikoni kwa bibi mnakujua: kidirisha kimoja, moshi, kuta nyeusi tii. Ila kabla ya ushauri, mwenye kisa chake akimwage hapa. Nani alishawahi kupiga kitu cha kwao mambo yakamwendea kombo?

Jicho la Samaki:
50. Uzi ufungwe.

Fundi Vioo:
Mkuu achana na huyo. Kwenye bodi ya kamera yako 50 inakuwa 75, utaishia kupiga pua ya bibi. Chukua 35 f/1.8, uwazi wake ni mpana, unaingiza mwanga mwingi.

Jicho la Samaki:
50 haiwi 75. 50 ni 50 hata ukiifunga kwenye kopo la Kimbo. Kinachopungua ni eneo la picha kwa sababu sensa, kile kibapa kinachopokea mwanga, ni ndogo. Msipotoshe watu.

Fundi Vioo:
Sawa profesa. Bibi anaenea kwenye fremu au haenei?

Jicho la Samaki:
Arudi nyuma.

Fundi Vioo:
Arudi nyuma wapi, kwenye zizi la ng'ombe?

Mtoto wa Pangani:
Hili nilikuwa nimelifungia moyoni, ila mleta uzi umenichokoza.

Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, sisi wote tumesomeshwa na ukindu. 2019 nikanunua 50 f/1.8, ile ya Canon ya bei chee, na ugonjwa wa wageni wa lenzi hiyo ukanipata: f/1.8 asubuhi, f/1.8 mchana, f/1.8 usiku. Nikaenda nyumbani wiki nzima nampiga mama anasuka ukili. Vidole tu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na kifereji cha kuvutia ukindu, nimekipiga kwa karibu mpaka unaiona rangi ya zambarau ilivyoingia kwenye ufa wa ukucha. Nyuma ukungu mtupu, laini kama samli. Nikaweka mtandaoni, sifa zikamiminika.

Siku ya tatu mama akaniuliza, "Baba, hiyo mashine yako haioni nyuso?" Nikacheka. Nikamwambia mama, huu ndio usanii wenyewe.

Mwaka uliofuata presha ikamchukua, ghafla. Tumezika alasiri. Dada yetu yuko Muscat, hakuwahi. Usiku akanipigia, sauti imekauka: "Wewe si ndiye mpiga picha? Nitumie mama. Uso wake, wa juzijuzi, nimtazame."

Nikafungua kompyuta pale barazani, watu wamelala kwenye mikeka yake yeye mwenyewe. Picha 412. Vidole. Vidole. Bakuli la rangi. Vidole. Nikipata yenye uso, uso umeyeyuka kwa sababu fokasi iko kwenye ukili. Kuna moja kageuka ananicheka, meno yote nje, nikaruka nikasema hii hapa! Nikaikuza. Kilicho kali ni pindo la kanga yake, hata nyuzi unazihesabu. Macho ni madoa mawili.

Nikachukua kitambulisho chake cha taifa, nikakilaza mezani, nikakipiga kwa simu. Ndicho nilichomtumia dada. Akajibu, "Hapa mama alikuwa amemkasirikia nani?" Tukacheka, na hapohapo tukaanza kulia upya.

Lenzi sijaiuza. Ila kwa mtu mzima siku hizi nafunga uwazi mpaka f/4 au f/5.6 ili sehemu kubwa zaidi itoke kali, na picha kumi za kwanza ni uso, kakaa, ananitazama. Vidole baadaye.

Bi Mkubwa wa Mbagala:
Pole sana mwanangu. Nimeinuka nikamwambia binti yangu anipige sasa hivi, na hivi hivi nilivyo na mtandio wa jikoni.

Tuta la Pili:
Mimi hivyohivyo, ila wangu ni baba na pikipiki yake. Pikipiki ninayo picha.

Fundi Vioo:
Pole mkuu. Kwa faida ya wengine: mita moja kutoka kwa mtu, 50 kwenye f/1.8 na sensa ndogo, sehemu inayokaa kali haifiki sentimita 3. Jicho likiwa kali, sikio limeshaondoka. Akiinama kidogo tu baada ya kufokasi, umemkosa.

Bando Limekata:
Mambo yote haya ya nini? Simu inatosha. Simu ingempa uso wa mama na mkeka wote.

Jicho la Samaki:
Uzi wa kamera, mtu wa simu kaja kufanya nini?

Bando Limekata:
Nimekuja kuangalia wenye makamera wanavyolia.

Mzee wa Zenit:
Vijana, adabu. Mwenzenu kasimulia msiba.

Bando Limekata:
Shikamoo mzee. Samahani Mtoto wa Pangani, sikumaanisha vibaya.

Mzee wa Zenit:
Marahaba. Sisi tulikuwa na kamera ya Zenit ya Mrusi na lenzi ya Helios 58mm, filamu ina picha 36, na hizo 36 zilitosha Idi mbili na ubatizo mmoja. Hakukuwa na kupiga vidole 400. Ulimweka mtu kwenye mwanga, ukamwambia atulie, ukapima umbali, ukavuta pumzi. Lenzi yenyewe huzungushi kitu ukakuza, unakuza kwa miguu. Mleta uzi, usinunue chochote. Tumia hiyo uliyonayo, mtoe bibi mlangoni, mwanga wa mlango umpate ubavuni.

Mgomba Mkavu:
Mzee shikamoo. Ila nataka jikoni, kule gizani alikokaa siku zote. Nikipiga na 18-55 mwendo wa shata unashuka mpaka 1/15 ya sekunde, kila akikoroga mkono unatoka kama pazia.

Fundi Vioo:
Ndiyo maana nasema 35 f/1.8. Ukivuta 18-55 mpaka 35 uwazi wake unakuwa umeshabanwa, humo ndani haitoshi. Halafu angalizo kubwa: D3300 haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukiuziwa 50 f/1.8D kwa maneno matamu, utafokasi kwa mkono mpaka Pasaka. Hakikisha imeandikwa AF-S, yaani mota iko ndani ya lenzi yenyewe.

Kijana wa Likoni:
Na ukinunua mtumba, washa tochi ya simu uimulike lenzi kutoka nyuma, uchungulie mbele. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, irudishe. Huku kwetu Mombasa unyevu wa bahari umeniulia mbili. Siku hizi naziweka kwenye kopo la plastiki na vile vipakiti vya kufyonza unyevu.

Tuta la Pili:
Mimi naweka kwenye mchele.

Kijana wa Likoni:
Vumbi la mchele litaingia kwenye mapengo ya lenzi. Mchele upike, ndugu.

Mtoto wa Gadi:
Wakuu, mimi yangu siyo ya kukosa picha. Ni ya kuipata.

Marehemu baba alikuwa gadi wa treni, Dar kwenda Kigoma, maisha yake yote. Ameacha sanduku la bati lenye picha kama sitini. Mwaka huu nikasema nizinakili zote kabla mchwa hawajazimaliza. Mwanzo nilitumia flashi, kila mtu akatoka na doa jeupe kwenye paji la uso. Nikajifunza: picha sakafuni, kivulini karibu na mlango, kamera juu ya tripodi imetazama chini sawasawa, f/8, kisha ule muda wa kamera kusubiri sekunde 2 kabla ya kupiga, ili kidole kisitikise.

Ya arobaini na kitu ni ya studio. Pazia lililochorwa minazi, baba na sare zake, kofia mkononi, pembeni mwanamke simjui kampakata mtoto. Siyo mama. Nikageuza nyuma, karatasi nyeupe, wino umekufa kabisa. Ila nikipitisha kidole nahisi mikwaruzo. Nikazima taa, nikalaza tochi ubavuni mwa karatasi, karibu iguse meza, mwanga ukapita chinichini. Herufi zikasimama zenyewe, kalamu ilikandamiza:

"Kwa baba (jina nalificha). Mtoto ameshaota jino. KGM 12/8/81."

Mimi ndiye mtoto wa kwanza kwetu. Nimezaliwa 1983.

Nikapiga ile karatasi, nikataka kumtumia shangazi peke yake. Kidole kikaangukia kundi la ukoo. Watu 47. Mama yumo.

Subirini, simu inaita.

Bando Limekata:
WEKA KAMBI HAPA

Tuta la Pili:
Nimeleta mkeka na chai. Usituache mkuu.

Jicho la Samaki:
Ulitumia lenzi gani kunakili?

Bi Mkubwa wa Mbagala:
Wewe Jicho una moyo kweli?

Mzee wa Zenit:
Siri ya mtu mzima haimulikwi tochi. Mngeiacha ilale.

Bi Mkubwa wa Mbagala:
Mzee, ilale vipi? Huyo mtoto aliyeota jino ana miaka arobaini na kitu sasa, naye ana baba aliyekufa bila kumzika. Picha imefanya kazi ambayo mtu aliikwepa.

Mzee wa Zenit:
Na mama mwenye nyumba? Yeye hana moyo?

Bi Mkubwa wa Mbagala:
Anao. Na wengi wetu tulijua zamani, tukanyamaza tupike.

Mgomba Mkavu:
Jamani, uzi ulikuwa wa lenzi...

Bando Limekata:
Lenzi baadaye mkuu, tuko Kigoma saa hizi.

Mtoto wa Gadi:
Nimerudi. Mama katoka kwenye kundi, kimya siku mbili. Shangazi kapiga saa tano usiku: anamjua huyo mwanamke, mtoto ni wa kike, yupo hukohuko Kigoma. Leo asubuhi mama kaniita, hajanigombeza. Kauliza kitu kimoja tu, "Huyo mtoto amefanana na nani?" Nikaikuza picha kwenye kompyuta, nikamsogezea. Masikio ya baba yaleyale, yametoka kama vishikio vya sufuria. Mama kaangalia kitambo, kavaa miwani, kaivua, kaenda kuchambua mboga.

Ijumaa nitawaambia kilichofuata. Na Jicho, ilikuwa 50.

Jicho la Samaki:
Nilijua tu.

Kijana wa Likoni:
Leo Jumatatu. Ijumaa ipi?

Mgomba Mkavu:
Wakuu, heri ya mwaka mpya. Mrejesho.

Nilipata 35 AF-S, safi, niliimulika kama alivyosema ndugu wa Likoni. Siku ya kwanza bibi kagoma kabisa kupigwa jikoni. "Unataka watu waone masizi yangu?" Akaingia ndani nusu saa, akatoka na kitenge kipya na rozari shingoni, akakaa nje pembeni ya masale, mikono kwenye magoti, mkavu kama picha ya pasipoti. Nikakumbuka ya Pangani, nikafunga f/5.6, nikapiga kumi anavyotaka yeye. Zote kali.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikamkuta keshawasha moto. Nikakaa kizingitini, f/2, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 1600, moto ndio taa. Nikapiga tatu kabla hajaniona. Ya pili anapuliza, shavu limejaa, cheche moja imeruka. Hiyo tunaichapa kubwa.

Ila iliyopendwa na ukoo mzima kapiga mtoto wa dada kwa simu: bibi kashika kamera yangu, kaigeuza, anachungulia kwenye kioo cha mbele anitafute nilikojificha.

Bando Limekata:
Simu oyeee.

Jicho la Samaki:
Kwa 50 hiyo cheche ingetoka kubwa zaidi.

Fundi Vioo:
Na bibi angekuwa nje ya fremu.

Tuta la Pili:
Hongera mkuu. Ila Mtoto wa Gadi yuko wapi? Chai imepoa.