Daftari la Shangazi Rehema

*Kikundi: UKOO WETU KISAUNI*

Shangazi Rehema: [picha ya daftari la madeni ya duka]
Shangazi Rehema: Juma, soma mwenyewe. Mwisho wako wa kukopa 3,000. Jana mwanao kachukua unga na mafuta, sasa 3,450. Usinitumie mtoto tena dukani.

Juma: Shikamoo shangazi. Sasa mpaka kwenye kikundi jamani 🙈

Hamisi (Doha): 😂😂 Juma kaanikwa

Juma: Mbona serikali yetu ya Kenya ikikaribia ukomo wa deni Bunge linauongeza tu? Nami niongezewe, iwe 4,000. Mwisho wa mwezi si mbali.

Shangazi Rehema: Serikali haikopi unga kwangu.

Zuhura: Msimcheke, ana hoja. Zamani kanuni ilisema deni lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa, yaani malipo ya miaka ijayo yakihesabiwa kwa fedha ya leo. Ilipobana, 2019 wakaitoa asilimia wakaweka shilingi trilioni 9. Na wakati huo deni lilikuwa kama trilioni 6 tu.

Hamisi (Doha): Yaani walijishonea kanzu ya kunenepea

Zuhura: Na ikawabana! Juni 2022, uchaguzi uko mlangoni, ikawa trilioni 10. Mwaka mmoja tu, deni likaipita hiyo 10. Oktoba 2023 sheria mpya: turudi kwenye asilimia. Sasa 55, na nafasi ya 5 juu yake.

Juma: Asilimia, shilingi, asilimia. Mtu kanenepa anabadilisha mizani 😂

Ami Salim: Assalam aleykum. Natoka msikitini nakuta mmefungua Bunge humu. Zuhura mwanangu, usiwaonee. Ukomo kazi yake ni kumleta waziri aombe mbele za watu. Bila ule ukomo angekopa kimya kimya na wewe usingekuwa na hizo tarehe za kutuhesabia.

Zuhura: Waaleykum salaam Ami. Kuletwa aliletwa, sikatai. Ila mara zote hizo, ni ipi aliyorudishwa mikono mitupu?

Ami Salim: Hiyo sina.

Zuhura: Na tazama tarehe yenyewe. Sheria ya 2023 imewapa miaka mitano wajishushe, mpaka Novemba 2028. Uchaguzi ni Agosti 2027. Walipoipitisha deni lilishakuwa juu ya asilimia 60. Mtu anayetaka kufuata sheria haanzi nayo akiwa ameshaivunja, halafu akampa kazi ya kuitimiza atakayekuja.

Hamisi (Doha): Na wasipofika, adhabu?

Zuhura: Waziri alieleze Bunge kwa maandishi imekuwaje, na atoe mpango wa kurudi chini.

Juma: Shangazi, barua hata mimi naandika. Kalamu ninayo.

Shangazi Rehema: Andika nyuma ya noti ya 500.

Hamisi (Doha): 🤣🤣🤣

Hamisi (Doha): Wamarekani nao ndio hao hao. Huku kazini runinga ya habari haizimwi. Tangu 1960 ukomo wao wameugusa zaidi ya mara 70. Juni 2023 hata hawakuongeza, waliusimamisha tu mpaka Januari 2025.

Ami Salim: Mmarekani anakopa dola yake mwenyewe. Sisi ile Eurobond ya 2014, mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ilikuwa inaiva Juni 2024, ikabidi Februari tukope nyingine, dola bilioni 1.5, tuanze kuilipa ya zamani. Ya zamani riba asilimia 6.875. Mpya 9.75. Hapo ndipo niliona ukomo wa kweli, na Bunge halikuupigia kura. Waliuweka wenye fedha zao.

Zuhura: Ami leo umesema kweli tupu.

Ami Salim: Leo tu?

Zuhura: 🙏😂 Samahani Ami. Lakini ngojeni. Hiyo picha nimeikuza. Shangazi, chini ya 3,000 kuna 2,000 imekatwa. Na chini yake tena 1,500 imekatwa. Wino tofauti.

Juma: EHEEE

Hamisi (Doha): Mheshimiwa Spika! 😂😂😂

Juma: Shangazi hapo hata wewe ulipoandika 1,500 ulijua itakatwa. Useme kweli.

Shangazi Rehema: Nilijua. Wewe nakujua tangu uko na meno ya maziwa.

Ami Salim: Hata hivyo si sawa. Kwa Rehema kalamu anashika anayekopesha. Bungeni kalamu anashika anayekopa.

Shangazi Rehema: Haya Salim, na ile sukari ya Jumamosi mbona hujaitaja?

Ami Salim: *Ujumbe huu umefutwa*

Hamisi (Doha): Ami tumeuona 😂

Shangazi Rehema: Juma, 450 kabla ya Ishaa. Uje mwenyewe, na chupa yangu ya mafuta uirudishe, ile yenye kifuniko chekundu.