Msaada wa haraka: mtoto wa mbwa kama amekwamwa na mfupa, hali wala hanywi

MamaAbuu: Habari za jioni wakuu. Nina mtoto wa mbwa wa miezi minne, anaitwa Chui. Tangu jana hali wala hanywi. Anasogelea bakuli la maji, anaingiza pua, anaondoka. Mdomo uko wazi muda wote, udenda unamtoka hadi kifuani, na akibweka sauti inakwaruza kama jogoo anayejifunza kuwika. Juzi tulikula kuku, nahisi mfupa umemkwama kooni. Baba watoto anataka kujifunga kitambaa mkononi autoe. Je, kuna dawa ya kuulainisha au tumwache autoe? Tupo Morogoro.

mtoto_wa_kihonda: Dada, mafuta ya kula vijiko viwili, mmiminie pembeni mwa mdomo. Mbwa wangu marehemu Simba alikwamwa na mfupa wa sato, tukafanya hivyo hivyo, akaishi miaka mingi tu. Mbwa yule jamani! Akisikia pikipiki yangu iko barabara kuu, anakwenda kukaa getini. Alipokufa sikula siku nzima, na sijafuga mwingine hadi leo.

Mzee_Kifimbo: Mifupa ya kuku iliyopikwa mbwa hapewi, inavunjika vipande vyenye ncha. Halafu vijana mnafuga mbwa kwa kuiga. Banda hakuna, chanjo hakuna, analala na watoto mkekani. Enzi zetu mbwa alijua mahali pake ni nje.

Mganga_Mifugo: Dada, mzuie shemeji asiingize mkono mdomoni. Mafuta pia acha. Nijibu kwanza: taya la chini linafunga au linaning'inia? Ana kadi ya chanjo? Aliwahi kuumwa na mbwa mwingine? Na yeye ameuma mtu?

MamaAbuu: Taya linaning'inia. Aliyetuuzia alisema ameshapata chanjo zote, kadi hakutupa. Naomba turudi kwenye mfupa, mnyama anateseka.

Mganga_Mifugo: Nimeuliza manne, umejibu mawili.

dada_wa_mjini: MamaAbuu mpenzi, ameuma mtu?

MamaAbuu: Kuuma siwezi kuita kuuma. Jumamosi alikuwa anacheza na mwanangu wa miaka sita, jino likampata kiganjani. Watoto wa mbwa wote si wanang'ata wakiota meno? Damu ilitoka kidogo, bibi yake akampaka majivu, ikakata. Na sikukaa tu, nilimpeleka zahanati akachomwa sindano. Upande wa mtoto nimeshamaliza. Kumpeleka hospitali ya mkoa ni nauli, ni foleni, na wiki hii ana mitihani. Tuzungumzie mbwa.

Mganga_Mifugo: Sindano gani? Soma kwenye daftari lake.

MamaAbuu: Wameandika TT.

Mganga_Mifugo: TT ni ya pepopunda, haizuii kichaa cha mbwa hata kidogo. Sikiliza dada yangu. Wengi wanajua kichaa cha mbwa ni yule anayekimbia mtaani akiuma kila kitu. Kuna kichaa kingine cha kimya: mbwa anapooza taya na koo, anashindwa kumeza, udenda unamwagika, sauti inabadilika. Kila mtu anadhani amekwamwa na mfupa, na wanaoumia ni wale wanaoingiza mkono kuutafuta. Kwa macho siwezi kuthibitisha, lakini mbwa asiye na kadi, mwenye dalili hizo, anahesabiwa ana kichaa hadi ipimwe vinginevyo. Na virusi huanza kutoka kwenye mate siku chache kabla ya dalili, kwa hiyo Jumamosi ile imo.

Sasa hivi osha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama kimefunga. Kesho asubuhi hospitali ya mkoa, useme "mtoto ameumwa na mbwa mwenye dalili za kichaa". Chanjo huanza siku hiyo, kisha siku ya 3 na ya 7, nyingine kulingana na ratiba yao. Kwa kuwa damu ilitoka, ulizia na ile kinga inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Mtu akishaanza dalili, tiba hakuna. Mitihani atarudia.

Kamanda_wa_Bonde: Hii chai. Mwanao kaumwa na mbwa, unakuja kuulizia mfupa wa kuku? Akaunti imefunguliwa leo, kila akibanwa anaongeza kipande. Subirini, namba ya kuchangia nauli inakuja.

mtoto_wa_kihonda: Kweli bwana, kuna mmoja tulimchangia akapotea mazima.

MamaAbuu: Sijaomba hela ya mtu! Nimekuja kwa sababu sina wa kumuuliza usiku huu. Sikusema mapema kwa kuwa mama mkwe ndiye aliyepaka majivu, na nikilianzisha hapa ndani hapatakalika. Na kama mnataka yote, mwezi uliopita Chui alirukiwa na mbwa wa mtaani pale getini, akachanika sikio. Lilipona.

Mganga_Mifugo: Kamanda, iwe chai iwe kweli, kuna mtu mwingine atausoma uzi huu mbwa wake akitoka udenda. MamaAbuu, mfungie Chui mahali pasipofikika, usimguse. Mpigie afisa mifugo wa kata. Hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mnayo hapo hapo Morogoro. Ikibidi auawe, asipigwe kichwani, maana kinachopimwa ni ubongo.

MamaAbuu: Habari za asubuhi. Tupo hospitali, baba yake ndiye aliyetuleta. Abuu ameoshwa tena kidonda na kuchomwa, kalia kweli. Chui yuko bafu la nje, afisa mifugo anakuja saa nne. Nesi ameniuliza nani mwingine ameshika mate. Ni mimi niliyekuwa nikimfuta udenda, na kidole nilijikata na kisu juzi nikimenya muhogo.

Mganga_Mifugo: Usiondoke hapo. Rudi dirishani umwambie hivyo hivyo, na kidole umwonyeshe.