Benki imekataa mkopo wa miezi miwili: nitapata wapi mtaji wa oda ya sare?

Fundi wa Igoma, Mwanza

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani mwenye ofisi ndogo na mafundi wawili ninaowalipa kwa idadi ya nguo. Shule moja binafsi imenipa LPO, yaani hati rasmi ya oda, ya sare seti 120 kwa shilingi 40,000 kila seti. Nimepiga hesabu nikaona kwamba vitambaa vitachukua 2,400,000, ujira wa mafundi 480,000, na vifungo, zipu na nyuzi 120,000, kwa hiyo nahitaji shilingi 3,000,000 ili baadaye nibaki na faida ya 1,800,000. Kushona kutachukua wiki tatu, na shule hulipa siku 30 baada ya kupokea mzigo.

Benki niliyoiendea imenikatalia kwa sababu nyumba yangu haina hati na mauzo yangu mengi hupitia kwenye simu, si kwenye akaunti. Kuna mtu hapa mtaani aliye tayari kunipa fedha yote leo kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, dhamana ikiwa kadi ya pikipiki pamoja na vyerehani vyangu. Sitaki kuipoteza oda hii, lakini naogopa. Je, mtu wa hali yangu ana njia gani nyingine ya haraka?

Afisa mikopo wa zamani

Ndugu fundi, pole na hongera kwa pamoja. Nilikaa upande wa pili wa meza kwa miaka kadhaa, na naweza kukuambia kwamba kunyimwa mkopo si lazima kuwe na maana kwamba biashara yako ni mbovu. Mkopo wa milioni tatu humchukua afisa muda uleule wa kukagua, kuandika na kufuatilia kama mkopo wa milioni thelathini, na riba ya miezi miwili haiilipi benki kazi hiyo. Ndiyo maana mteja mdogo asiye na hati huondolewa mapema.

Sasa tazama hesabu ya huyo mtu wa mtaani. Asilimia 20 ya milioni tatu ni 600,000 kila mwezi. Kwa miezi miwili utamlipa 1,200,000 na kubaki na 600,000 kwa jasho lako lote. Shule ikichelewesha malipo hadi mwezi wa tatu, na shule huchelewesha hasa ada zikichelewa, riba itafika 1,800,000, yaani faida yako yote, na kuanzia hapo utakuwa unalipa kwa vyerehani.

Fahamu pia kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kama biashara, hata akiwa mtu binafsi, awe na leseni ya daraja la pili, yaani ya wakopeshaji wasiopokea amana, kutoka Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji hao. Kwa mkopo wako hiyo ingekuwa 105,000 kwa mwezi. Mwombe akuonyeshe leseni, kisha ulinganishe jina lake na orodha iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Fanya hivyohivyo kwa programu za simu, kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Jambo moja naomba ulishike sana. Soma kichwa cha karatasi kabla ya kutia saini. Wapo wakopeshaji wanaomsainisha mkopaji mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo, ili siku akichelewa waseme kwamba pikipiki aliiuza kwa hiari. Wengine hudai kadi ya benki na namba ya siri. Ukiona dalili ya lolote kati ya hayo, ondoka, hata kama oda itapotea.

Mama lishe, Dodoma

Kaka yangu, mimi nilichukua ile mikopo inayoitwa kausha damu, na nitakueleza jinsi inavyomponza mtu anayejua kuhesabu. Mkopo ulikuwa 500,000, marejesho 55,000 kila wiki kwa wiki 12, jumla 660,000. Nilidhani riba ni 160,000 tu. Lakini walikata fomu na kile walichokiita bima kabla ya kunipa fedha, nikapokea 450,000 mkononi, na kwa kuwa nilianza kurejesha wiki ya kwanza, ile fedha sikukaa nayo miezi mitatu. Kila Jumatatu ilikuwa inapungua huku riba ikibaki palepale. Mwanangu aliyesomea uhasibu alikokotoa akapata zaidi ya asilimia 25 kwa mwezi.

Wewe uko hatarini zaidi, kwa sababu mimi nauza chakula kila siku na angalau napata cha kurejesha. Wewe utakaa wiki saba bila kuona shilingi ya shule. Marejesho ya kila wiki utayatoa wapi? Wengi katika kikundi chetu walikopa kwa wa pili ili wamlipe wa kwanza, na mmoja alichukuliwa jokofu na makochi watoto wakiwa wanatazama. Usiangalie riba peke yake, angalia fedha yako inaingia lini.

Muuza vitambaa wa jumla

Naomba kuongeza upande wangu, kwa sababu naona ndugu yetu anatafuta fedha wakati kinachohitajika hasa ni vitambaa. Wenye maduka tunawapa mali kauli, yaani mali sasa na malipo baadaye, mafundi tunaowafahamu, na hata fundi mgeni akija na LPO yenye mhuri na simu ya mhasibu wa shule, mimi humsikiliza. Bei ya mali kauli huwa juu kidogo kuliko ya taslimu, na hilo ni haki yetu kwa kungoja, lakini hakuna anayekuja kubeba cherehani chako.

Kabla ya kwenda dukani, rudi shuleni ukaombe malipo ya awali ya asilimia 30. Hiyo ni 1,440,000. Duka likikubali nusu ya bei ya vitambaa sasa na nusu baadaye, utahitaji 1,200,000 ya vitambaa, 480,000 ya mafundi na 120,000 ya vifaa, jumla 1,800,000. Ukitoa ile ya shule, pengo linabaki 360,000. Omba pia kukabidhi sare kwa awamu tatu za seti 40 na kulipwa kila awamu, ili uweze kunilipa mimi au mwenzangu kwa wakati. Shule inayokataa yote mawili ingekuchelewesha hata ungekopa wapi.

Fundi wa Igoma, Mwanza

Nawashukuru sana, hasa dada wa Dodoma kwa kueleza yaliyomkuta. Leo nimezungumza na mkuu wa shule. Amekubali malipo ya awali ya 1,000,000 na kupokea mzigo kwa awamu, ingawa bado anataka siku 14 za kulipa kila awamu. Duka likikubali nusu, pengo langu sasa ni 800,000. Nina hisa za 300,000 katika kikoba chetu cha kuweka na kukopa, na tunaruhusiwa kukopa mara tatu ya hisa. Sikukitaja mwanzoni kwa sababu nilikuwa nimeikazia macho ile milioni tatu nzima, nikaona kikoba hakiwezi kunifaa. Kikao ni Jumamosi. Kesho asubuhi naenda na LPO kwenye duka ninaponunua vitambaa siku zote, nijue kama watanipa nusu kwa mali kauli ya wiki sita.