Kundi letu limeidhinisha wagombea wa wadi zote kumi za Lamu bila kutuuliza: orodha hii iondolewe

Assalaam aleikum, na salamu za heshima kwa wenzetu wasio Waislamu.

Nimekuwa mwanachama wa kundi letu la wapenda mageuzi tangu siku za kupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na kwa muda wote huo sijawahi kuwalalamikia wenzangu hadharani. Leo ninafanya hivyo kwa sababu barua niliyowaandikia viongozi wiki tatu zilizopita haikujibiwa, na kila nikipiga simu hupokea kijana mmoja anayeniambia kwamba mwenyekiti yuko kikaoni. Jina la kundi sitalitaja. Wahusika wanajijua, na Amu, yaani mji wa Lamu, ni mji mdogo.

Orodha ya wagombea kumi wa uwakilishi wadi, mmoja kwa kila wadi kuanzia Kiunga hadi Witu, imetangazwa kwa niaba ya "wananchi wa mashinani wa Lamu", na wapiga kura wanaombwa wawachague hao kumi tarehe 10 Agosti 2027. Ilitangazwa usiku katika ukumbi wa hoteli moja ya Shela, mbele ya watu ambao nimewahesabu kwenye picha wasifike thelathini, na sahani za biriani zikionekana vizuri kuliko nyuso za wagombea. Mimi ni mwananchi wa mashinani, nakaa Langoni, na sikuulizwa. Wanachama wa Faza hawakuulizwa. Wa Kiunga walizipata habari kwa kutumiwa picha hiyo hiyo kwenye simu, na mmoja wao akanipigia kuniuliza kama nilikuwa najua, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamini kwamba najua.

Mkutano wetu mkuu wa mwaka jana uliamua jambo moja waziwazi, na kumbukumbu zake zimeandikwa. Kila anayetaka kugombea, awe wa chama chochote au awe mgombea binafsi, atapewa karatasi yenye maswali saba. Majibu yatasomwa barazani katika wadi yake. Wanachama wa wadi hiyo watapiga kura wao wenyewe. Na wadi ambayo haikufanya baraza haitakuwa na mgombea anayeungwa mkono na kundi. Hili la mwisho lilibishaniwa sana, na aliyelitetea kwa nguvu kuliko wote ni mwenyekiti huyu huyu, aliyesema kwamba afadhali tuwe na wagombea watatu tuliowapima kuliko kumi tuliowaokota. Nilimpigia makofi.

Nikapewa kazi ya kupeleka karatasi upande wa Lamu Mashariki. Niliondoka Amu kwa boti ya abiria ya asubuhi, tukakwama katika mkondo wa Mkanda kusubiri maji yajae, nikafika gati la Mtangawanda adhuhuri imepita, na kutoka hapo nikapanda bodaboda hadi Faza. Nauli niliitoa mfukoni mwangu na siidai. Basuba sikufika, kwa sababu wakati ule watu waliniambia njia ya Mangai na Milimani si ya kuiamini. Karatasi nilimkabidhi mzee mmoja wa Kiboni aliyekuwa amekuja Amu kwa matibabu, naye akazitia katika mkoba wa ukili, akaenda nazo, na baada ya mwezi akaniletea mbili zilizojibiwa. Nawaomba viongozi wetu wamfikirie mzee huyo, aliyepita msitu wa Boni na maswali yetu, kisha wanieleze ni kwa nini jina lililotangazwa kwa Basuba si la yeyote kati ya hao wawili waliojibu.

Kwa jumla tuligawa karatasi 31 katika kaunti nzima, zikarudi 19, zote ninazo. Katika wagombea kumi waliotangazwa, sita walijibu na wanne hawakujibu hata swali moja. Mmoja wa hao wanne ni wa Faza, na karatasi yake nilimpa mkononi, dukani kwake, mbele ya watu. Akaisoma, akacheka, akasema haya ni maswali ya shule, akaikunja na kuitumia kufungia msumari. Huyo ndiye mgombea wetu wa mageuzi.

Katika wadi hiyo hiyo yuko mama mmoja mkaanga samaki ambaye alijibu maswali yote saba kwa mkono wake, kurasa nne, na Kitikuu chake, lahaja ya Kiswahili ya huko, kikijitokeza hapa na pale. Swali letu la tatu liliuliza mgombea atafanya nini kuhusu fidia ya wavuvi. Mnakumbuka kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari ya Lamu, na kwamba hesabu ya nani ni mvuvi na nani si mvuvi imezua ugomvi katika kila kijiji cha pwani hii. Wagombea wengi waliandika kwamba watafuatilia, neno ambalo nimelisoma mara nyingi mpaka nimelichukia. Mama huyu aliandika kwamba orodha ya wavuvi imewaandika wenye vyombo na nyavu ikawaacha wanawake wanaonunua samaki ufukweni, wakawakaanga na kuwakausha, ilhali siku bahari ikifungwa jiko lao huzimika siku hiyo hiyo. Akaeleza jinsi atakavyodai wahesabiwe, kijiji kwa kijiji, na akataja vijiji vyenyewe. Sijaona jibu lililoukaribia ukweli wa Faza kama hilo. Nilipowauliza viongozi kwa nini hayumo, niliambiwa kwamba wanawake wasiwe na wasiwasi, kwani viti vya uteuzi vipo.

Jibu hilo limenikasirisha kuliko jambo lolote jingine katika kisa hiki. Ni kweli kwamba ibara ya 177 ya Katiba inaongeza viti maalumu ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti. Lakini viti hivyo hutoka kwenye orodha za vyama, na mteuliwa humshukuru aliyeliweka jina lake juu. Hana wadi ya kurudi kuisimamia wala wapiga kura wa kumbana. Kundi linalojiita la wapenda mageuzi limetangaza wanaume watupu, kumi kwa kumi, kisha linawaambia akina mama wakasubiri kwenye foleni ya kuteuliwa. Maneno hayo tumeyasikia kwa vyama vikubwa miaka yote tangu 2013, na ndiyo yaliyotufanya tuunde kundi letu.

Mama huyo ameniambia kwamba atasimama kama mgombea binafsi. Katiba inamtaka apate wapiga kura 500 wa wadi yake wa kumuunga mkono, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kama baraza la Faza lingefanyika, pengine wengi wa hao 500 wangepatikana siku moja. Sasa itabidi apite mlango kwa mlango, huku jina la kundi alilolitumikia likiwa kwenye bango la mpinzani wake.

Narudi kwenye makaa ya mawe, kwa maana naona tumesahau tulishinda vipi. Mtambo ule wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi ulikuwa na wakubwa, pesa na leseni. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo, na miongoni mwa sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hata katika kesi ya bandari, mojawapo ya mambo ambayo mahakama iliyaona ni kwamba watu wa Lamu hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kwa miaka mingi neno letu kubwa mbele ya serikali, mbele ya wawekezaji na mbele ya majaji limekuwa hilo moja tu: hamkutuuliza. Tulizikataa ripoti zao zilizosema kwamba "jamii imeshauriwa" kwa sababu tulijua walioshauriwa ni watu wachache waliokusanywa hotelini wakalishwa, wakatia saini ya mahudhurio. Sasa sisi nasi tumeingia hotelini, tumekula, tumepiga picha, tumeandika "wananchi wa mashinani". Wakili wa upande wa pili akiiona karatasi yetu hii, kesho tukisimama tena mbele ya jaji kulalamika kwamba hatukushirikishwa, atakuwa na swali zuri la kutuuliza.

Wengine watasema huu ni uwakilishi wadi tu, si jambo la kugombana. Mwakilishi wadi ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti na sheria zake. Ndiye anayetakiwa kuuliza kwa nini zahanati haina dawa, kwa nini gati la kijiji limebomoka, kwa nini chuo cha ufundi cha vijana kimefungwa, maana mambo hayo yote Katiba imeyaweka mikononi mwa kaunti. Bunge letu lina wachaguliwa kumi, na katika wachaguliwa kumi mtu mmoja asiyejibu maswali ni hasara kubwa.

Nimeambiwa pia kwamba muda ulikuwa umekwisha. Umekwisha kwa nani? Vyama bado havijafanya mchujo. Watatu katika orodha yetu wanatafuta tikiti ya chama kimoja kimoja pamoja na wapinzani wenye nguvu, na wakianguka katika mchujo tutabaki na majina ya watu ambao hata kwenye karatasi ya kura hawamo. Haraka hii sielewi ilitoka wapi, isipokuwa niambiwe ni nani aliyelipia ukumbi na boti zilizowaleta waandishi wa habari. Hazina yetu haina pesa hizo. Mimi ni mmoja wa wakaguzi wa hesabu na najua tumebakiwa na kiasi gani, nacho hakitoshi hata juisi ya watu waliokuwa pale. Simtuhumu mtu kwa wizi. Nauliza aliyelipa, na swali letu la saba liliwauliza wagombea jambo hilo hilo: nani anakugharamia?

Niseme haki: wamo katika orodha watu wazuri. Yule wa wadi ya Hindi alilijibu swali la ardhi na hatimiliki kwa kina, akasema wazi mambo ambayo yatamkosanisha na jamaa zake mwenyewe, na kama baraza lingefanyika ningekwenda kumsemea. Wa Mkunumbi naye alikiri kwamba mambo mawili hayajui, nikampenda kwa kukiri. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa, kwani hata hao waliostahili wamechafuliwa kwa kutajwa pamoja na wasiojibu, na mpiga kura hana njia ya kujua yupi tulimpima na yupi tuliletewa.

Kuna wazee wetu wawili ninaowaheshimu ambao wamenitumia ujumbe wakisema tusivuane nguo mbele ya watu, kwamba wapinzani wa kundi watafurahi. Wazee wangu, nimewasikia, na nisamehewe nikikataa. Nilianza kwa barua ya faragha, haikujibiwa. Nikaomba kikao, sikupewa. Orodha yenyewe imetangazwa redioni na kubandikwa ukutani karibu na soko; malalamiko yake hayawezi kunong'onwa jikoni.

Ninachotaka ni kwamba orodha hii iondolewe kwa tangazo la wazi kama ilivyotangazwa, na katika wadi ambazo karatasi zilirudi, majibu yasomwe barazani na wanachama wa hapo wapige kura, kuanzia Faza na Basuba ambako tumewakosea watu zaidi. Wadi ambako hatuna baraza tunyamaze, kama tulivyoamua wenyewe. Na aliyelipia usiku ule wa Shela atajwe mbele ya wanachama. Hayo yasipofanyika, jina langu lifutwe kwenye daftari la kundi, na ukaguzi wa hesabu atafutwe mwingine.

Karatasi zile 19 zimo ndani ya faili ya buluu nyumbani kwangu. Kijana anayepokea simu ameniambia kwamba ni mali ya kundi na nizirudishe ofisini. Sitazirudisha kabla hazijasomwa. Nimezitolea nakala, nikazifuta namba za simu za wagombea, na Jumamosi hii baada ya sala ya Alasiri nitakaa nazo Mkunguni, mbele ya ngome, hadi Magharibi. Mwanachama yeyote, wa wadi yoyote, aje asome. Wa Faza na Kiunga ambao boti itawakatalia waniandikie hapa, nitawapigia picha kurasa wanazozitaka, na ya mama mkaanga samaki nitaituma nzima, kwa kuwa yeye mwenyewe ameniruhusu.