Mtu akikosa adabu grupuni: atolewe au aachwe?

Mkaa Baraza
Asalamu alaykum. Naileta hapa jukwaani na sio kule ndani ya grupu ili na waliotoka wapate kusoma. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja katolewa kwenye grupu letu la WhatsApp, la sisi tunaopenda jinsia yetu, saa saba usiku, hakuambiwa hata kwa heri. Kosa lake: kijana mgeni aliandika kuwa anafunga Jumatatu na Alkhamisi, anamuomba Mungu amvue hali hii tuliyonayo. Jamaa akamjibu "endelea kujichukia", na stika ya punda kabebeshwa mizigo. Ukorofi, sibishi. Lakini ndiyo mtu akatwe kama umeme? Halafu lipo linaloninyima usingizi: huyo aliyetolewa ana nambari zetu zote. Pongwe, hapa Unguja, Novemba 2018, vijana kumi wa kama sisi walikamatwa pale hotelini pwani, na Amnesty, wale watetezi wa haki za binadamu, walisema polisi walipashwa habari na raia tu. Umemtoa kwa hasira, umemwachia hasira, na nambari anazo.

Binti Wete
Shoga yangu, unamtetea kwa kuwa mtaa mmoja. Stika ya punda kwa mtu aliyefunga! Ungefanyiwa wewe?

Mkaa Baraza
Naomba usiniite shoga.

Binti Wete
Makubwa haya! Nimekutukana? Bibi yangu kule Wete ana mashoga wanne, wote wana wajukuu, na hakuna harusi wanayokwenda bila kanga sare.

Mkaa Baraza
Bibi yako akiitwa shoga hageuzi shingo kutazama nani kasikia. Mimi nimeitwa hivyo tangu darasa la tano mpaka nikahamishwa skuli. Na siku ya kuhama walinisindikiza nalo hadi kituo cha daladala.

Kijana wa Buguruni
Huku bara ni tusi kavu, halina bibi wala kanga.

Karafuu Kavu
Mmeliharibu nyinyi. Lilikuwa neno la wanawake wanaopendana kwa wema, mkalichukua mkalifanya jiwe.

Kijana wa Buguruni
Aa, Wazanzibari! Kizuri chenu, kikioza cha bara. Na ile Sheria ya Adhabu ya 2004, ya kutufunga, tuliwapitishia sisi? Si Baraza lenu la Wawakilishi? Ya kwetu haina kifungu kinachotaja mwanamke kwa mwanamke. Yenu inacho.

Karafuu Kavu
Hiyo ilishafutwa, ipo ya 2018.

Binti Wete
Na ya 2018 imeyabeba yale yale, usitupe moyo wa bure. Mie ndiye niliyetajwa humo, naijua kuliko wewe.

Karafuu Kavu
Sawa mwanasheria. Lakini mji unabadilika. 2006 Uamsho, wale wa jumuiya ya Kiislamu, walipiga kelele mpaka sherehe ya miaka 60 ya Freddie Mercury, yule mwimbaji mwenzetu aliyezaliwa hapa, ikavunjwa. Leo pale Shangani ana makumbusho yake tangu 2019, na watalii wanapanga foleni.

Mkaa Baraza
Freddie kakubalika kwa kuwa kafa na pesa inaingia. Hebu afufuke aombe chumba cha kupanga Mwembetanga.

Mzee wa Ng'ambo
Watoto nyinyi. Ujana wangu mimi nilikuwa napamba maharusi, na hina yangu ilikuwa inatafutwa mpaka Bububu. Wale wanawake wakiniita shoga, niweke hapa, nipitishe pale, na mimi roho baridi. Akija mwanamme mlangoni akaliita hilo hilo, najua leo pana ugomvi. Kwa hiyo Binti Wete hana kosa, na Mkaa Baraza naye hana kosa.

Kijana wa Buguruni
Mzee kila kesi kwako ni sare.

Mzee wa Ng'ambo
Wewe ningekupaka hina ya usoni.

Admini
Nimeona natajwa. Saa saba usiku nyote mmelala, mimi simu inalia. Yule kijana kanipigia, maneno hayamtoki kwa kulia. Nifanye nini, niitishe kikao? Nimemtoa jamaa, nikalala. Kanuni zipo juu ya grupu tangu siku ya kwanza: hakuna picha ya uso, hakuna jina la kazini, hakuna kupeleka maneno ya ndani nje.

Binti Wete
Ahsante. Kwisha.

Karafuu Kavu
Haijesha. Jamaa kavunja kanuni ipi katika hizo tatu? Punda si uso wa mtu.

Admini
Adabu haihitaji kuandikwa.

Karafuu Kavu
Basi ungemwambia. Wewe mwenyewe mwezi wa Shaaban uliniita hanithi mbele ya watu 112 kwa sababu nimechelewesha mchango wa mgonjwa. Nani alikutoa wewe?

Admini
Nilikuomba radhi.

Karafuu Kavu
Faraghani! Tusi la hadharani, radhi ya chumbani.

Binti Wete
Hilo la mchango na mimi nataka kuliuliza, maana hesabu yake sikuiona.

Admini
Hesabu niliituma. Tazama juu.

Binti Wete
Nimetazama mpaka Rajabu, shoga yangu.

Mkaa Baraza
Unaona! Yeye humkatazi.

Admini
Mimi halinichomi.

Mgeni 7
Mimi ndiye niliyeandika habari ya kufunga. Yule wa punda keshanitumia ujumbe, tumeshacheka, na nilimwambia admini asubuhi yake amrudishe. Kilichonikera si punda. Nimefungua hapa nikakuta funga yangu, siku zake, na dua niliyoomba, imewekwa mbele ya kila apitaye. Nyumbani kwetu anayefunga Jumatatu na Alkhamisi ni mimi peke yangu. Kaka yangu anasoma hapa.

Binti Wete
Ya Rabbi. Mkaa Baraza, futa.

Mkaa Baraza
Kitufe cha kufuta kimeshaondoka, nimewaandikia wenye jukwaa. Nisamehe mdogo wangu, sikutaja jina nikadhani basi.

Admini
Kanuni ya tatu hiyo. Nikutoe?

Mzee wa Ng'ambo
Mtoe uone, na yeye nambari anazo.

Binti Wete
Mgeni, leo si Alkhamisi? Unafuturia nini?

Mgeni 7
Tende na uji. Na muhogo wa jana.

Kijana wa Buguruni
Mimi bado nasema shoga ni tusi.