Ajensi ya Uingereza imeleta fomu ya kujitoa kwenye kanuni za 2003: isainiwe?

Fundi_Mitandao (Mwanakwerekwe)
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu yuko Manchester, anaandika programu kwa mkataba kupitia kampuni yake mwenyewe. Ajensi imempa mkataba wa miezi 6, na nyuma yake imebana karatasi ya kukubali kwamba kanuni za 2003 za mawakala wa ajira zisimhusu. Mahojiano na mteja yameshafanyika wiki iliyopita. Ajensi inasema "wote husaini". Anaacha nini akitia saini? Na mimi niliye hapa Unguja, nikipata kazi ya mtandaoni kwa ajensi kama hiyo, nishike wapi?

Bint_Malindi
Wa alaykum salaam. Hiyo ni kanuni ya 32. Kujitoa kumeruhusiwa kwa anayefanya kazi kupitia kampuni tu. Anayepelekwa kwa jina lake binafsi hawezi hata akitaka.

Kubwa analoliacha ni kanuni ya 12, ya malipo. Akibaki ndani, ajensi haiwezi kumzuilia pesa kwa sababu mteja hajailipa, wala kwa sababu karatasi ya masaa haina saini ya mteja. Inaweza kuchukua muda wa kiasi kuhakiki kwamba masaa yamefanywa kweli, basi. Akijitoa, anabaki na yaliyoandikwa kwenye mkataba, na mikataba mingi ya waliojitoa inasema ankara italipwa "baada ya mteja kulipa". Mteja akifilisika, au meneja wa kusaini akiwa likizo, kazi ya mwezi mzima inaning'inia.

La pili ni kanuni ya 10, inayoibana ajensi inapotaka kumtoza mteja ada kwa kumchukua mtu moja kwa moja. Muda ambao bado inaweza kumtoza ni wiki 8 tangu kazi kwisha au wiki 14 tangu ilipoanza, na unahesabiwa ule unaochelewa kwisha. Kwa hiyo kazi ya wiki 4 inambana mteja mpaka wiki 10 baada ya kumalizika, na hii ya miezi 6 ni wiki 8 tu. Nje ya kanuni, usishangae ukikuta kifungu cha kumfunga mdogo wako miezi 12 asifanye kazi na mteja moja kwa moja.

Ajensi kusema "saini au hupati kazi" imekatazwa na kanuni hiyo hiyo ya 32. Halafu angalia tarehe: taarifa ya kujitoa hutolewa na kampuni na mtu mwenyewe, wote wawili, kabla hajatambulishwa kwa mteja. Hapa mahojiano yameshapita. Ajensi itabisha kwamba kabla ya kuanza kazi yatosha, kwa hivyo asisaini kwa kutegemea kasoro hiyo ije kumwokoa mahakamani. Arudishe mkataba umesainiwa, karatasi ile iwe tupu, na barua pepe ya mstari mmoja: "Sijitoi."

Mpemba_wa_Wete
Bint Malindi kasema kweli, ila kuna wanaosaini kwa kudhani inawasaidia kwenye kodi, ile IR35 (kanuni ya kodi ya Uingereza ya kumtoza kama mwajiriwa mtu anayefanya kazi kupitia kampuni yake), eti mtu akibaki ndani ya kanuni anaonekana kama mwajiriwa. Hoja dhaifu. Kinachotazamwa ni kazi inavyokwenda: nani anamwelekeza, anaweza kumleta mtu mwingine badala yake, anabeba hasara gani. Karatasi haibadilishi hayo.

Hata hivyo mimi sisemi asisaini kabisa. Mwenye ujuzi adimu anaweza kuiuza saini yake: malipo ndani ya siku 7 badala ya 30, na kifungu cha kumfunga kishushwe kiwe miezi 3 kwa mteja huyo huyo tu. Asiyepewa kitu, anasaini kwa nini?

Fundi_Mitandao
Ahsanteni sana. Na akisaini kisha akajuta?

Mpemba_wa_Wete
Anaweza kuifuta, lakini kufuta huko hakufanyi kazi mpaka amalize nafasi hiyo kwa mteja huyo. Miezi 6 yote ataimaliza akiwa nje. Na kama kazi ni ya kushughulika na watoto chini ya miaka 18 au watu wanaohitaji uangalizi, kujitoa hakukubaliki hata kidogo.

Bint_Malindi
Kwa wewe uliye Unguja: usijitegemeze kwenye kanuni za kule ukiwa huku, wala kwenye Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005, hiyo ni ya mwajiri na mwajiriwa, nawe unauza huduma. Wanaokwenda kuajiriwa Oman ni mlango mwingine kabisa. Kinga yako iwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa maneno kama haya: "Ajensi italipa ankara ndani ya siku 14 tangu kuipokea, ikiwa mteja amelipa au hajalipa. Masaa yasiyopingwa kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi yatahesabiwa yamekubaliwa." Wakikataa sentensi ya kwanza, toza kila wiki, usisubiri mwisho wa mwezi, na ankara mbili zikikaa bila kulipwa simamisha kazi. Haki hiyo ya kusimamisha nayo iandikwe, la sivyo watakudai wewe umevunja mkataba.